Saba ya Stesheni Masta

Kwetu Zuzu, mtu akitaka kujua leo ni leo gani haangalii simu kwanza. Anapita kwa Stesheni Masta kusoma ubao. Umetundikwa ukutani, upande wa njia iendayo mashine ya kusaga, umepasuka kona moja, na juu kabisa una maneno ya rangi nyeupe iliyofifia: TRENI INAYOKUJA. Chini ya maneno hayo haijaandikwa treni yoyote kwa miaka mingi. Huandikwa jambo moja la siku hiyo, mistari miwili au mitatu, kwa chaki, kwa herufi kubwa zilizosimama wima.

SIKU KAMA YA LEO, MWAKA 1961, TANGANYIKA ILIPATA UHURU. HAPA ZUZU ILINYESHA, WASEMA WAZEE WAWILI.

JUMAMOSI NI SIKU YA MOSI. WIKI YA KISWAHILI IMEANZA LEO, MSINGOJE JUMATATU.

WAINGEREZA WALILETA MATREKTA KONGWA KULIMA KARANGA. UDONGO WALIUULIZA BAADAYE.

Mimi nilijua kusoma kwa ubao ule kabla sijaingia darasa la kwanza. Nilikuwa ninatumwa mashine na kisado cha mtama kichwani, ninasimama, ninasoma herufi moja moja kwa sauti, ninachelewa, ninachapwa. Sasa ni mtu mzima, nina meza yangu katika ofisi ya serikali huko mjini, lakini kila nikifungua barua na kuona tarehe, kuna kitu ndani yangu kinangoja iendelee: siku kama ya leo, kumetokea nini?

Alikotoka Masta sikujui, na mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ukimuuliza alijibu, "Nilishuka kwenye treni." Alishuka akiwa kijana, ana kofia, filimbi na bendera mbili, akapewa kastesheni ketu kadogo, akazeeka nako. Treni za abiria zilipoacha kusimama kwetu, aliomba apewe ule ubao wa zamani, akaruhusiwa. Aliuleta nyumbani juu ya mkokoteni wa punda. Mkewe, ambaye sasa ni marehemu, alisimama mlangoni mikono kiunoni akautazama ukishushwa.

"Wenzako wakistaafu huleta ng'ombe," alimwambia.

"Ng'ombe anakufa," alisema Masta. "Ubao hufutwa tu."

Alikuwa na sheria moja kuhusu ubao wake, nayo hakuivunja kwa ajili ya mkubwa wala mdogo. Jambo lisilo na mashahidi wawili haliandikwi. Kitabu kilihesabiwa kuwa shahidi mmoja. Mzee mwenye akili timamu alikuwa shahidi mmoja. Redio zote, hata ziwe kumi, zilikuwa shahidi mmoja, kwa sababu, alisema, zinasikilizana. Padri alikuwa shahidi mmoja siku za kazi, na Jumapili Masta hakumhesabu kabisa, maana Jumapili padri anasema yale aliyoandikiwa.

Wanafunzi wa chuo kikuu walipoanza kupanga vyumba mpaka kwetu, walimwona kama kichekesho. Kijana mmoja mwenye miwani alisimama mbele ya ubao, akachezea simu, akasema, "Babu, hapa umekosea siku. Mtandao unasema ilikuwa kesho yake."

"Shikamoo kwanza," alisema Masta.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Huyo mtandao ni shahidi mmoja. Wa pili yuko wapi?"

Kijana akatafuta, akapata ukurasa mwingine, akamwonyesha. Masta akausoma akiwa ameisogeza simu mbali na uso, urefu wa mkono mzima. Kisha akamwomba ampe tena ule wa kwanza.

"Hawa ni ndugu wa tumbo moja," alisema. "Hata makosa ya herufi yanafanana. Niletee mtu wa mbali."

Wiki iliyofuata kijana alirudi na kitabu alichoazima maktaba, na kitabu kilikuwa upande wake. Masta akakisoma, akaingia ndani akatoka na kitambaa. Siku hiyo ubao uliandikwa: JUMANNE ILIYOPITA NILIKOSEA SIKU MOJA. KIJANA MWENYE MIWANI ALISEMA KWELI. Yule kijana alipiga picha ubao ule, na nasikia mpaka leo anayo.

Kwa hiyo huwezi kusema hakuwa mtu wa kukiri makosa. Alikiri haraka kuliko yeyote ninayemfahamu, na ndiyo maana haya ninayotaka kuyasimulia yalinichukua muda kuyaamini.

Kiongozi mmoja wa kwetu, simtaji kwa cheo chake kwa kuwa bado anacho, aliwahi kumjia akitaka ubao uandikwe kwamba kisima kirefu cha maji kilichimbwa kwa juhudi zake. Masta alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa ya kisima kile kile.

"Kisima kina mashahidi wawili," alimwambia. "Aliyechimba na aliyekunywa. Wewe ni yupi?"

Kiongozi alikunywa maji, akaaga.

Kipindi cha kuandikisha vitambulisho, nyumba yake iligeuka ofisi. Wazee wa vijiji vya karibu waliombwa tarehe za kuzaliwa, na wengi hawakuwa nazo. Wagogo wa zamani walihesabu miaka kwa njaa na nzige, si kwa tarakimu. Ilikuwepo Mtunya, ile njaa kubwa ya wakati wa vita ya kwanza ya Wazungu, na baada yake njaa nyingine, kila moja na jina lake na watu waliozaliwa ndani yake. Waliokwama walijitajia tarehe mosi Januari, kwa kuwa haisahauliki. Masta lilimuudhi sana jambo hilo. Alikaa barazani na daftari, akawahoji bibi na babu mmoja mmoja.

"Mbukwenyi, bibi," alimsalimu jirani yetu mmoja kwa Kigogo chake kibovu, kisha wakaendelea kwa Kiswahili. "Mama yako alikwambia ulipozaliwa mtama ulikuwaje?"

"Alisema walikuwa wanafukuza ndege shambani. Alinizaa, akarudi kufukuza ndege."

"Basi ni mwezi wa nne, au wa tano ukichelewa."

"Niandikie tu mosi Januari kama wenzangu, Masta. Nitaikumbukaje hiyo nyingine?"

"Mosi Januari mtama haujafika hata gotini! Wewe ulizaliwa wakati wa ndege. Siwezi kukuzaa upya."

Alimwandikia mwezi wa nne. Bibi yule alifurahi kuliko alivyotaka kuonyesha, na tangu hapo kila ndege wa mtama walipoingia mashambani alitangaza kwamba amezeeka mwaka mmoja.

Mtu huyu aliyeshika siku za watu wote alikuwa hana ya kwake. Hakusherehekea chochote. Zaidi ya hapo, alikuwa mchelewaji wa kupindukia. Harusini alifika sufuria zikioshwa. Msibani alifika watu wakirudi kutoka makaburini, akageuka nao kana kwamba alikuwa mbele yao muda wote. Ukimtania alisema, "Nimewahisha watu miaka thelathini. Niacheni nichelewe." Na mbuzi wa jirani alipolamba nusu ya historia ya Muungano kwa kupenda chaki, hakuiandika upya. Aliongeza chini yake: MENGINE YAMELIWA NA MBUZI.

Lakini jambo la ajabu kuliko yote lilikuwa saba yake.

Masta hakuandika 7. Tarakimu nyingine zote aliziandika bila shida. Mwaka 1961 ulikaa pale kama kawaida, na 1964 ya Muungano pia. Mwaka wa Azimio la Arusha ukawa MWAKA ELFU MOJA MIA TISA SITINI NA SABA, kwa urefu wake wote. Na lilipofika jambo la Dodoma kuamuliwa kuwa makao makuu, mwaka ambao kwa wengine ni 1973, aliandika ELFU MOJA MIA TISA SABINI NA TATU, ubao ukajaa, makao makuu yenyewe yakabaki nje. Ikabidi watu waulize kuna nini mwaka huo.

Watoto tulimtungia wimbo kuhusu hiyo saba. Wengine walisema ni mambo ya uganga. Mwalimu wetu wa hesabu alisema ni uzee. Siku moja nilimuuliza mwenyewe, na hapo nilikuwa darasa la tano, mdomo mrefu.

"Masta, kwa nini huandiki saba kwa namba?"

"Kwa sababu ina watu wawili wanaoisoma tofauti," alisema, akarudi ndani. Nilidhani ni kitendawili, nikakaa siku mbili nikitafuta jibu, kisha nikakisahau.

Nami kuna siku yake moja ambayo sikuisahau. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni, mbali, Masta alikuja nyumbani jioni ya kuamkia siku ya kuondoka kwangu akiwa na karatasi. Alikuwa amekwenda stendi mwenyewe kuuliza saa ya basi, akauliza watu wawili. Aliisoma kwa sauti mbele ya baba na mama: "Saa kumi na mbili za asubuhi. Alfajiri. Jua likichomoza. Siyo jioni." Baba alicheka akasema nani asiyejua. Masta hakucheka. Asubuhi tulipotoka tulimkuta mlangoni kwetu, amevaa kofia yake ya kazi. Mtu aliyechelewa misiba yote ya Zuzu alikuwa amefika kabla ya jogoo. Alibeba sanduku langu mpaka stendi, akanishika mkono hadi kwenye ngazi ya basi, na kupitia dirishani nilimwona amesimama palepale mpaka tulipokata kona. Mama alikuwa kando yake, na hawakuwa wakisemezana.

Mama na Masta hawakuwa na ugomvi ambao mtu angeweza kuutaja. Walisalimiana. Lakini mama, ambaye alijua kusoma vizuri kuliko wanawake wengi wa rika lake, hakuusoma ubao hata siku moja. Akipita pale aligeuza uso upande wa reli. Sisi watoto tulidhani hapendi chaki.

Tena kulikuwa na siku moja ya mwezi wa Januari, tarehe yake siitaji kwa kuwa ni ya watu wawili, ambayo ubao ulifutwa kwa maji, ukakaushwa, ukaandikwa maneno matatu: LEO HAKUNA JAMBO. Kila mwaka, siku hiyohiyo. Na siku hiyohiyo mama alinijazia kibuyu cha maziwa ya mgando akanituma kwa Masta. Alisema tu, "Mpelekee mzee." Masta aliyapokea kwa mikono miwili, akayanywa akiwa amesimama, akarudisha kibuyu kikiwa kimeoshwa. Nilifanya safari hiyo miaka yote ya utoto wangu, na sikuwahi kuyaunganisha hayo mambo mawili. Mtoto hujua njia tu. Sababu huwaachia wakubwa.

Januari iliyopita Masta alinipigia simu ofisini. Hakuwa na desturi hiyo. Macho yake yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho, na kwa miezi kadhaa mistari ya ubao ilikuwa ikipanda kilima.

"Neema," alisema, "ukija mwisho wa wiki pitia kwangu kabla ya kwenu."

Nilimkuta barazani, kofia gotini. Tulisalimiana, akauliza habari za mji, akauliza treni ya umeme kama bado inajaza watu. Nilimwambia inajaza, ila bado kuna watu wanaokosa safari kwa sababu tiketi imeandikwa saa za kizungu. Hapo alifumba macho.

"Ndiyo hiyo," alisema. "Ndiyo hiyohiyo niliyokuitia."

Akanisimulia. Wakati huo alikuwa kijana, ana majuma matatu tu Zuzu. Mvua zilikuwa zimesomba reli upande wa mashariki, ratiba ikavurugika, na hakuna aliyejua treni ya abiria ingepita lini isipokuwa kwa simu ya stesheni na ule ubao. Simu ikaja jioni: treni ya kwenda magharibi, kesho, saa saba. Ilikuwa saba ya reli, ambayo mtu wa kawaida huiita saa moja asubuhi. Kazi yake ilikuwa kuigeuza ndipo aandike. Alikuwa amechoka, akaandika alivyosikia: KESHO SAA 7.

Jioni hiyo alifika baba mmoja na binti yake. Binti alikuwa amepata nafasi ya chuo cha ualimu, huko magharibi, na barua ilitaja siku ya mwisho ya kuripoti. Baba hakujua kusoma. Binti akamsomea ubao: kesho, saa saba. Wakaelewa mchana, kama ambavyo ungeelewa wewe. Kesho yake treni iliingia saa moja asubuhi, ikasimama dakika zake, hakuna aliyepanda.

"Nilisimama na bendera ya kijani mkononi," alisema Masta, "nikatazama jukwaa tupu, ndipo nikajua. Nikaenda nikafuta ubao. Unaelewa? Nilifuta. Na saa saba mchana wakaja, baba amebeba sanduku la bati kichwani. Nikamwambia treni iliwahi."

Akafikicha macho.

"Treni haiwahi, mwanangu. Miaka thelathini ya kazi, sikuiona treni iliyowahi. Nilidanganya mtu mzima aliyebeba sanduku. Treni nyingine ikaja baada ya wiki nzima, na nafasi ilikuwa imekwenda kwa mtu mwingine. Yule binti ni mama yako."

Nilimkasirikia, nasema kweli, nikamkasirikia kwa ajili ya mama aliyeuza vitumbua miaka ishirini ili sisi tusome. Papo hapo nikakumbuka mkono wa mzee huyu ulionishika mpaka ngazi ya basi, na hasira ikakosa mahali pa kukaa.

"Nataka kuiandika kabla sijapofuka," alisema. "Siku yake ni Alhamisi. Lakini ubao nilifuta mwenyewe. Mimi ni shahidi mmoja. Aliyeusoma ni mama yako peke yake. Mwombe aje aseme kwamba uliandikwa saba."

Nilipomfikishia mama ujumbe huo alikuwa anachambua mlenda. Mikono ilisimama.

"Siendi," alisema.

"Mama, mzee wa watu anaumia."

"Najua anaumia. Siendi."

Siku mbili hakulitaja. Jumatano asubuhi, nikiwa nimeomba ruhusa kazini, nilimkuta amevaa khanga za kutokea, amekaa kitandani. "Twende," alisema, "na usiniache peke yangu pale."

Masta alisikia hatua zetu, akasimama. Mama alikataa kiti. Alisalimia, akaitikiwa, akafunga mikono ndani ya khanga kama msichana anayengoja adhabu.

"Iliandikwa saba," alisema. "Niliisoma mimi. Hilo ni kweli."

Masta alitoa pumzi ndefu. "Ahsante, Mama Neema. Miaka yote nilikuwa ninataka kukwambia unisamehe. Na wewe kila mwaka ukanitumia maziwa, nikasema, huyu ni mtu wa namna gani, ananisamehe kabla sijaomba."

"Sikuwa ninakusamehe, Masta," alisema mama. "Mimi ndiye niliyekuwa ninaomba."

Akatuambia, akiangalia chini. Asubuhi ile, kabla ya kufunga safari, alitumwa kuteka maji kwenye tangi la stesheni, kama walivyofanya wote siku za ukame na za mvua. Alikuwa pale na ndoo treni ilipoingia. Alijua ndiyo yenyewe, maana hapakuwa na nyingine wiki hiyo. Nyumbani kwao hapakuwa mbali. Angekimbia, baba yake angekuja na sanduku, na Masta angeizuia treni dakika mbili, nani angekataa.

"Nikasimama nyuma ya tangi," alisema mama. "Sikuwa nimewahi kulala nje ya nyumba yetu. Niliogopa. Nikasema nitakimbia sasa hivi, nikasema ngoja kidogo, mpaka ikapiga honi. Nikajitwisha ndoo nikaenda nyumbani nikapika uji. Saa saba nikaja na baba kama mtu asiyejua. Wewe ukasema iliwahi. Nilijua unadanganya, nikashukuru Mungu. Uongo wako ulifunika wangu."

Mficha maradhi, wanasema, kilio humuumbua, lakini mama hakulia. Aliyelia ni mimi. Nilimwona msichana yule nyuma ya tangi, ana ndoo, ana nafasi ya chuo, ana dakika chache, na nilitamani kumsukuma mgongoni akimbie. Angekimbia, sijui mimi ningekuwa nani, wala kama ningekuwepo.

Masta aliketi polepole. Kwa muda mrefu aliizungusha kofia gotini. Nilingoja aseme ameonewa, na kwa kweli alikuwa na haki hiyo. Alibeba mzigo mzima kumbe nusu yake ni ya mwingine.

"Kuna aliyekuona?" aliuliza hatimaye.

"Hakuna."

"Hata mtoto?"

"Nilikuwa peke yangu, Masta."

Akatikisa kichwa, na nikaona midomo yake inataka kucheka na inashindwa. "Basi ni shahidi mmoja," alisema. "Na saba bado ni yangu. Ulijificha au hukujificha, mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye niliyefuta. Nenda nyumbani, Mama Neema."

Mama alibaki amesimama. Nafikiri alikuwa amejiandaa kwa maneno yote isipokuwa hayo. Kisha alisema, "Haya, Masta," na tukaondoka.

Kesho yake, Alhamisi, niliamshwa na mama. Alikuwa amekwisha kuvaa, ana kibuyu mkononi. Nikanyoosha mkono kukipokea kwa mazoea ya utotoni, lakini hakunipa. Nikamfuata nyuma.

Ubao ulikuwa umeandikwa. Mistari ilipanda upande wa kulia, herufi nyingine zimepandana, na katikati yake ilikuwepo tarakimu ambayo hakuna mtoto wa Zuzu aliyewahi kuiona pale, kubwa, imekozwa chaki mara mbili:

SIKU KAMA YA LEO TRENI ILIFIKA SAA 1. UBAO ULISEMA SAA 7, NA MWANDISHI ALIUFUTA. MENGINE YANA SHAHIDI MMOJA.

Watu wawili waliokuwa wakienda mashine walisimama, wakasoma, wakaulizana ni treni gani hiyo. Mama hakugeuza uso upande wa reli. Alisimama mbele ya ubao akausoma wote kwa sauti ndogo, neno kwa neno, kama alivyowahi kumsomea baba yake. Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya khanga, akaniambia nimngoje hapo barabarani, akabisha hodi, akaingia na maziwa yeye mwenyewe.